Mama Amenimaliza Mbele ya Mwenyekiti wa Kijiji

Jamani, leo nimekamatwa nikiwa na sahani ya ndizi mkononi.

Nasoma shahada ya uzamili, sera za kupambana na ugaidi. Nilikuwa Songambele kwa utafiti, nauliza watu: mkimwona mgeni msiyemwelewa mnafanyaje?

Bibi mmoja akanikaribisha. "Kula, mjukuu wangu." Nikimaliza, anaongeza. Nikasema, huu ndio upendo!

Kumbe ameshampigia mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti akaja na mgambo wawili. Bibi akaninyooshea kidole: "Ni huyu. Nimemchelewesha na ndizi mpaka sufuria imeisha."

Kitambulisho cha chuo wakakigeuzageuza, hawakukiamini. Nikaomba wampigie mama yangu, yuko Bugene. Simu ikawekwa spika, mwenyekiti akauliza:

"Shikamoo mama. Huyu kijana wako anasomea nini?"

Mama, kwa fahari kabisa: "Marahaba. Anasomea ugaidi, baba. Anakaribia kumaliza."

Mgambo mmoja akaenda kusimama mlangoni. 😭

Ikabidi wampigie msimamizi wangu wa chuo, akawaelewesha karibu saa nzima ndipo wakaniachia.

Natoka tu, mama huyo anapiga: "Mwanangu, wamekupa kazi?"

Nimjibuje, jamani?