Nyumba Isiyo na Kaburi

Juzi niliona familia ikikagua nyumba ya kupanga mtaani kwetu, mtoto wao akichungulia uani. Nikakumbuka mchana ule tuliposhuka kutoka Mwika kutafuta nyumba Moshi mjini.

Baba alipenda Pasua, karibu na kazi yake. Mama alitaka Majengo, alikokaa dada yake. Mimi nilizunguka nyuma ya kila nyumba, katika harufu ya mkaa na vumbi, nikitafuta kaburi. Kwetu babu alizikwa kihambani, shambani mwa ukoo, kati ya migomba, karibu na jiko. Siku hizi najua mjini watu huzikwa mbali na nyumba zao. Wakati ule nilidhani kila nyumba ina kaburi lake.

Kule Majengo nikamuuliza mama mwenye nyumba, "Shikamoo mama. Kaburi lenu liko wapi?"

"Yesu wangu!" akaruka. "Huyu katumwa na nani?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama akaniinamia.

"Hapa tunapanga tu, mwanangu. Tukifa, mimi na baba yako tutarudishwa Mwika."

Kisha wakaendelea kuulizia maji na choo. Mimi nilibaki uani. Nilijua wazee hufa. Sikuwa nimeambiwa kwamba hata mama atakufa.