Chanjo ya Ndui na Mama Mkwe Wangu

Mama mkwe wangu alikuwa mkali kuliko pilipili, na kuhusu chanjo alikuwa na neno moja tu: hapana. "Kumchanja mtoto ni kuuita ugonjwa uingie ndani," alisema. Mie mkaza mwana, mgeni Mwananyamala enzi hizo za Mwingereza, minazi na mihogo bado imetuzunguka, ningemjibu nini? Bwana afya alipopita na kisanduku chake, nilijifungia ndani na binti yangu kama wenzangu wote. Naye kwa matusi alikuwa hajambo. Alituita wajinga huko huko nje, sasa nani amfungulie?

Kisha ndui ikaingia kweli, ikamshika kijana wa jirani. Watu wakatawanyika. Aliyeitwa kumuuguza ni mama mkwe, maana yeye ilishampata utotoni, na ikikupata mara moja hairudi. Akaenda bila kusita. Alasiri alisimama ng'ambo ya njia akipaza sauti, "Nionesheni mjukuu wangu!" Nilimwonesha kwa mbali. Mtoto yule tangu aachishwe ziwa hulala kwa bibi yake. Akirudi na ndui kwenye nguo je?

Nikasema liwalo na liwe. Nikambeba mtoto, nikamfuata bwana afya mwenyewe. Akanifokea kwa kuchelewa, akamkwaruza mtoto begani, akaniambia nirudi baada ya juma. Haukupita muda homa ikapanda, bega likavimba, likatoa lengelenge la usaha. Weeh! Nililia mie. Nilijua nimemuua mwanangu kwa mikono yangu, na bibi yake hatanisamehe.

Niliporudi, bwana afya akalitazama lile lengelenge, akacheka, mtu yule asiyejua kucheka. "Imeshika, mama! Hiki ndicho tulichokitaka. Sasa ndui haimpati." Nikakaa chini pale pale mchangani. Alhamdulillahi!

Kijana wa jirani akapona. Mama mkwe akaoga, akachoma nguo zake, akaja hadi mlangoni akasimama, haingii. Nikamwekea mtoto mikononi. Akaliona kovu begani, nami nikajiandaa kutukanwa.

"Ndiyo hii tu?" akauliza. "Alama moja?"

"Moja tu, mama."

Akajipapasa uso wake, ambao ndui haikuuachia hata pa kuweka kidole, akaangua kilio.