Nilivyokula Ukuta wa Chumba Chetu

Kijiji kipya karibu na Titye kilitupokea kwa mvua, na nyumba yetu ya udongo ilikuwa haijakauka nilipopata mimba ya kwanza. Harufu ya ule ukuta uliolowa, jamani! Hata pilau ya Idi ya wenye maduka wa Kasulu mjini haikuwahi kunukia vile. Nilianza kwa kubandua kipande kama punje ya harage, kando ya kitanda. Kufikia mwezi wa saba, ng'ombe angepita kwenye tundu bila kuinamisha pembe.

Chakula sikukitaka tena. Maharage niliyaona kokoto, kokoto nikaziona maharage. Jioni, kwenye darasa la watu wazima, mwalimu akiuliza mjamzito ale nini, wa kwanza kunyoosha mkono ni mimi: mchicha, dagaa, mayai, maini. Darasa linapiga makofi. Nakaa, namung'unya donge langu.

Mume wangu alilaumu panya. Akaazima paka, paka akakaa ananitazama mimi. Basi akaziba tundu kwa udongo wa kichuguu, laini ajabu, nami nikamshukuru kwa moyo wote.

"Hawa panya wana meno ya fisi," alisema.

"Wana njaa, masikini."

Miguu ikavimba. Kutoka kitandani hadi mlangoni nikawa nahema kama niliyepanda mlima. Mama mkwe akanipeleka kliniki Kasulu. Nesi, mgeni kutoka Upareni, akanivuta ukope wa chini.

"Mama, unakula nini?"

"Ugali, maharage..."

"Na nyumba," mama mkwe akadakia. "Anakula nyumba ya mwanangu. Amebakiza paa."

Kumbe alijua. Nesi hakucheka. Alisema damu imeniishia na minyoo imejaa. Nikitokwa na damu kidogo tu wakati wa kujifungua, atazikwa mtu, labda wawili.

Nilimeza vidonge vyote. Mama mkwe akahamia chumbani kunilinda, mume akahamia jikoni. Nililishwa dagaa mpaka nikanuka ziwa zima.

Nilijifungua salama. Mtoto alikuwa mdogo kama kiazi cha kiangazi, hana nguvu ya kunyonya wala ya kulia. Tukawa tunakamua maziwa na kumdondoshea kwa kijiko. Asubuhi moja akalishika titi mwenyewe, akavuta, nikapiga yowe lililofika Kibondo.

Mama mkwe akaja mbio. Akatazama kinywa cha mtoto kinavyokwenda, akanisogezea bakuli la uji wa ulezi.

"Kunywa. Sasa mna njaa wawili."

Nikanywa.