Swali la Meza ya Biskuti

Nakumbuka, mwanangu, nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, asubuhi niliyotoka nyumbani mtaa wa Jericho, Nairobi, nimevaa koti la kuazima, naelekea kwenye maonyesho ya kazi chuoni kwetu. Nilikuwa mwaka wa mwisho, nasomea utengenezaji wa vyakula, na kilichobaki kilikuwa kimoja tu: kampuni ya kunipokea kwa miezi mitatu ya mafunzo kiwandani. Nisipoipata, cheti sikipati. Wenzangu karibu wote walikuwa wameshapata.

Sasa nikuambie nililokuwa nalificha. Kila likizo nilifanya kibarua Industrial Area, katika kiwanda cha biskuti. Nilisimama getini na akina mama waliosubiri kazi ya siku, na nikichaguliwa nilifunga kitambaa kichwani, nikashinda kwenye mkanda wa mashine nikiondoa biskuti zilizovunjika. Rafiki yangu Achieng, tuliyeandika wasifu pamoja, aliniambia waziwazi, "Hiyo stori ya kibarua usiiweke hapo. Watadhani hujasoma." Nikaiacha. Mahali pake nikaandika kwamba napenda kusafiri. Kusafiri wapi, Mungu wangu? Safari yangu ndefu ilikuwa ya kwenda kwa shangazi, Njiru, humu humu Nairobi.

Ukumbini nilizunguka meza zote nikikusanya kalamu na kofia za bure. Mwishowe nikafika kwenye meza ya kampuni moja ya biskuti, si ile ya kibarua changu. Mama aliyekaa pale alisoma karatasi yangu, akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi kiwandani. Nikajibu la. Akanishukuru kwa upole, akaiweka karatasi yangu chini kabisa ya zile nyingine.

Jioni nilipita dukani kwa Mzee Shabani, jirani yetu kutoka Mombasa. Kabla ya kufungua duka alikuwa fundi wa mashine kwa miaka mingi, na ndiye aliyenionyesha lile geti. Nilimsimulia yote nikitarajia pole. Hakunipa.

"Binti yangu," aliniuliza, "wale akina mama unaosimama nao pale, unawaonea haya?"

Kweli niliwaonea haya, na wao ndio walionigawia chai yao siku nilizofika na njaa. Niliumia sana kulijua hilo. Mzee akaniambia nirudi kesho yake, kwa kuwa maonyesho yalikuwa ya siku mbili, nikamwambie yule mama ninachokijua.

Nilirudi mapema, kabla watu hawajajaa. Koti nililiacha nyumbani. Nikakiri kwamba jana nilidanganya, kisha nikamweleza kwamba biskuti huvunjika zaidi baada ya chakula cha mchana, mashine ikiwashwa upya, kwa sababu hurundikana pale mkanda unapopinda. Akina mama wote walilijua hilo, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Yule mama akanihoji karibu nusu saa. Halafu akaitafuta karatasi yangu kule chini, akaiweka juu.

"Ungeniambia jana," alisema, "ningelala nikijua nimepata mtu."

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kwenda kwenye maonyesho yenu Alhamisi, soma kila kampuni inafanya nini, maana kwenda kuwauliza hilo ni kuwapotezea wakati. Chagua meza chache ukae nazo. Kofia waachie wengine. Wewe ondoka na jina la mtu uliyezungumza naye, na kesho yake umwandikie. Na kazi yoyote uliyoifanya, iwe ni kuuza mboga na mama yako au kubeba magunia, iseme, na useme ilikufundisha nini. Hakuna chuo kitakachokupa mafunzo hayo.

Siku hizi ninayekaa kwenye meza ya biskuti ni mimi. Nitakuuliza swali lile lile, na akina mama wa getini bado ni rafiki zangu, kwa hiyo usijaribu kunidanganya. Mungu akupe miguu ya kufika mapema, na ulimi usioionea haya kazi ya mikono yako.