Ang'oa bikoni, abadili msimamizi wa mirathi

Damu nzito kuliko maji, watu husema. Ursula Samweli wa Kurui, wilayani Kisarawe, anasema jasho ni zito kuliko damu.

Ni asubuhi, umande bado umelala kwenye mananasi. Ursula, mjane wa miaka sitini na nne, amevaa soksi kuukuu mikononi hadi viwikoni, maana majani ya nanasi hayana adabu. Anainama kunoa panga kwenye kipande cha zege kilicho mlangoni pake.

"Unakijua hiki?" anamuuliza mwandishi. "Hii ni bikoni ya mwanangu."

Jumapili moja mwaka jana, Ursula akiwa kanisani, mwanawe wa kwanza, Telesphory, karani mjini Kibaha, alifika na dalali na mpimaji. Wakasimika bikoni nne, vile vinguzo vya zege vya mipaka ya viwanja, katikati ya mananasi. Shamba la ekari tatu, alilolifyeka Ursula kwa mikono yake, likaanza kukatwa viwanja.

Aliyewaona ni Hajra, jirani yake. Kwa miaka kumi na saba wanawake hawa wamelima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Hajra ni Mwislamu, lakini siku hiyo alikwenda hadi mlango wa kanisa, jembe begani.

"Shoga, fupisha sala! Shamba linauzwa!"

Telesphory hakujificha. Alipofiwa na mumewe, Ursula aliandika wosia na kumtaja yeye kuwa msimamizi wa mirathi, kama desturi inavyomtaka mtoto wa kiume mkubwa. Naye akadhani msimamizi ndiye mwenye mali.

"Mama, si jina langu limo kwenye wosia?"

"Wosia unaanza nikifa," Ursula akamjibu. "Kwani nimekufa?"

Jioni hiyo bikoni zote zilikuwa nje ya ardhi. Wiki iliyofuata Ursula alikuwa Kibaha, mbele ya wakili Margareth, akitaka kuuchana wosia wote. Wakili akamtuliza: hakuna haja. Iliandikwa nyongeza fupi inayoondoa jina moja na kuweka jingine, Ursula akaisaini mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote. Mafungu ya watoto wake watatu hayakuguswa, la Telesphory likiwamo.

Jina jipya ni la Hajra. Yeye harithi hata nanasi moja. Kazi yake itakuwa kuhakikisha kila mtoto anapata chake.

"Tukichimbua miche, yeye anagawa, mimi nachagua kwanza," anaeleza Ursula. "Miaka yote natafuta fungu kubwa nilichukue. Sijaliona!"

Hajra, anayepalilia mstari wa pili, anacheka. Anasema mwanzoni alikataa.

"Nilimwambia, shoga, nitaitwa mchawi. Akanijibu, utaitwa, lakini utagawa."

Kwenye kikao cha ukoo moto uliwaka. Hilario, mdogo wa marehemu, alisimama.

"Shemeji, tangu lini mtu baki akasimamia mali ya ukoo?"

"Tangu ukoo ulipoacha kupalilia, shemeji."

Kikao kikavunjika, baadhi ya wajumbe wakificha vicheko kwenye khanga zao.

Sasa pale ziliposimama bikoni, Ursula anapanda miche mipya. Anataka mananasi ya kwanza yapelekwe kanisani na nyumbani kwa Hajra, kisha shamba lipanuliwe hadi ukingo wa bonde. "Nitakapoondoka, wagawane shamba, si kichaka," anasema.

Telesphory anasema hana ugomvi na fungu lake. "Lakini mimi ndiye mkubwa. Mama amenivua nguo mbele ya watu. Aombe radhi kwenye ukoo, yaishe."

Mwandishi anapomfikishia maneno hayo, Ursula anajaribu makali ya panga kwa kidole gumba.

"Nimemzaa, nampenda, na fungu lake liko palepale. Bikoni tatu nimemrudishia. Hii ya nne nanolea panga. Radhi siombi."