Upepo wa Shimo la Nne

Kila nikipita kando ya gereji na harufu ya oili chafu ikanipiga puani, hasira yangu ya utotoni huamka. Msinicheke. Wenzangu hukumbuka utoto kwa harufu ya chapati. Mimi nakumbuka oili iliyotolewa kwenye injini ikamwagwa juu ya mchanga. Baba alifanya kazi uwanja wa gofu hapa Machakos, na siku hizo kuzunguka kila shimo hapakuwa na nyasi bali mchanga uliochanganywa na oili, ili upepo wa Agosti usiupeperushe. Baba alinuka hivyo hata Jumapili kanisani.

Jumatatu wenye uwanja hawakucheza, nasi watoto wa wafanyakazi tuliruhusiwa. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, Kioko, na fimbo moja kuukuu ya gofu, ile iitwayo namba saba, mpini wake umefungwa kwa tyubu ya baiskeli. Mwaka niliokuwa darasa la sita, msimamizi wa uwanja alisema mtoto mmoja kati yetu angeingizwa katika mashindano ya likizo. Mmoja tu. Niliitaka nafasi ile hadi chakula kikawa hakishuki.

Na niliamini ni yangu. Nilikuwa na mikono ya kubeba mtungi wa lita ishirini kutoka mtoni bila kupumzika. Kioko alikuwa mwembamba, mvivu wa kupindukia, akipiga mpira kama mtu anayefukuza kuku mlangoni.

Kikwazo kilikuwa shimo la nne. Lilielekea vilimani, na kuanzia saa nne asubuhi upepo ulishuka ukatupiga usoni, vumbi machoni, meno yakisaga mchanga. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ulipanda, ukazidi kupanda, ukasimama hewani, kisha ukarudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ukaangukia kwenye ua wa katani. Nikaongeza nguvu. Ukapanda zaidi. Jumatatu baada ya Jumatatu mabega yaliniuma, na mikono ilichomwa na miiba ya katani nikiutafuta mpira huku nikilia kwa uchungu.

Baba, akisawazisha mchanga wake, alisema kila mara bila hata kuinua kichwa, "Mwaitu, punguza nguvu. Piga pole pole."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kioko hakuambiwa neno. Basi mimi nikaelewa jambo moja tu, kwamba msichana asijitutumue mbele ya ndugu yake wa kiume. Ilinikata maini. Nguvu za kubeba maji hakuna aliyezikataza, ila za kupiga mpira ndizo zilizokuwa nyingi! Nikapiga kwa nguvu zaidi, makusudi.

Siku ya kuchagua, baba alitupeleka shimo hilo hilo. Mpira wa Kioko uliruka chini chini, ukagonga ardhi kavu, ukabingirika wee. Alimaliza kwa mapigo sita. Mimi, kumi na moja, na kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Niliitupa fimbo kwenye katani nikaenda zangu nyumbani. Mama alinitazama, akasema "Hasira hasara," akanipa mbaazi za kuchambua. Sikuishika tena fimbo ile.

Kinyongo nacho nilikifuga. Nilimaliza shule, nikaajiriwa kiwandani Athi River, nikawa na binti yangu, na bado nilipomletea baba sukari yake nilikuwa nikisema moyoni, huyu ndiye aliyeniona dhaifu.

Hadi mwaka mmoja, mwezi wa Agosti, nilipokwenda kumsaidia mama kupeperusha mbaazi. Upepo ulikuwa umechachamaa. Niliinua karai juu ya kichwa nikamwaga, na mbaazi zikaondoka pamoja na makapi hadi walikokuwa kuku.

"We!" mama akapiga kelele. "Upepo ukiwa na nguvu si unashusha mkono? Mwagia chini, pole pole!"

Baba, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake akiota jua, akacheka hadi akakohoa. "Huyo hata gofu alikuwa anacheza hivyo hivyo. Anampelekea upepo mpira. Nilimwambia mpaka nikachoka."

Nikabaki nimeshika karai tupu. Kioko hakuambiwa kitu kwa sababu uvivu wake ulikuwa umeshapitisha mpira chini ya upepo. Hapakuwa na cha kumrekebisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundishwa, Jumatatu baada ya Jumatatu, nikikataa.

"Baba," nikasema, "kumbe ulikuwa unaongea juu ya upepo?"

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Sasa Mwaitu, wewe ulidhani naongea juu ya nini?"

Nilipiga magoti nikaanza kuokota mbaazi, moja moja, miguuni mwa kuku.