Damu Iliporudi Moyoni

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata miwani niliyoivaa. Nilikuwa kijana, Mjomba Haule amenikabidhi kitalu cha tumbaku kule Namtumbo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nilijiona bwana shamba tayari.

Mjomba alisema miche ikikaribia kuhamishwa niipunguzie maji kidogo kidogo, izoee shida. Nikaionea huruma. Nikaimwagia maji asubuhi na jioni, na mbolea juu yake. Ikawa minene, ya kijani ajabu! Wasichana waliokwenda kisimani waliisifia (hiyo ndiyo sababu yenyewe, lakini mama yenu asisome hapa).

Tukaihamishia shambani. Jua likaipiga siku tatu, ikalegea. Mvua ilipokuja nikashangilia, kumbe mvua ile ndiyo iliyoimaliza, ikaoza shingo, pale shina linapotoka ardhini. Miche ya jirani, myembamba kama njiti, ikasimama wima. Mjomba akanitazama, akasema, "Umeilisha, hukuilea."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka jana, nikiwa hapa mtaani kwetu Lizaboni, nilitokwa jasho nimekaa kwenye kiti, nikachoka ghafla. Kifua hakikuuma hata kidogo. Sukari ninayo miaka mingi, ila nilikuwa naipima kwa kubahatisha: nikikojoa kidogo, nasema imeshuka. Nikamwambia mke wangu ni ugali wa jana.

"Ugali gani unamtoa mtu jasho kivulini?" akasema. "Vaa viatu, mzee, bajaji iko nje."

Hospitali, daktari binti mdogo akanipa shikamoo kisha akanipa habari: mshipa wa moyo umeziba, na sukari imeshatia ganzi mishipa ya fahamu, ndiyo maana sikusikia maumivu. Wakaniwekea dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Njia ikafunguka.

Kesho yake nilijisikia mzima, na mvua za kupandia zimeanza.

"Daktari, damu si imerudi? Nipe ruhusa nikapande mahindi."

"Imerudi, babu. Lakini kurudi kwenyewe kunajeruhi. Nyama ya moyo ikikaa bila damu, damu ikija kwa kishindo, chembechembe nyingine zinakufa hapohapo."

"Zinakufa chakula kimeshafika mezani?"

"Ndiyo. Moyo uliozoea misukosuko midogo ya kukosa damu mara nyingi hujikinga. Wako umeloweshwa sukari miaka mingi, kinga yake imelegea. Leo ukishika jembe, unaweza usiliachie tena."

Nikacheka mpaka mashine ya kupimia moyo ikaanza kulia, nesi akaja mbio. Ningefanyaje? Msichana wa chuo kikuu ananisomea maneno ya mjomba wangu wa tumbaku!

Nikatulia kitandani. Jioni ndugu wakaja kunitazama, na unajua desturi yetu: mgonjwa huletewa soda na glukosi, "apate nguvu". Kukataa mkono wa mgeni ni aibu, nikanyoosha wangu. Mke wangu akaiwahi ile chupa ya soda, akainywa yote mbele yao, akapangusa mdomo, akasema, "Mgonjwa anashukuru sana."

Nilikaa siku zote walizotaka. Waliponipima tena, daktari akasema kipande kilichokufa hakifufuki, ila kilichobaki kinasukuma vizuri. Mahindi alipanda mke wangu na mkwe wetu. Mistari ilipinda kama njia ya mbuzi, lakini gobo, hindi letu bichi, lilichomeka vizuri motoni vilevile.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Pima sukari kwa kipimo, usipime kwa kubahatisha. Ukiwa nayo, ukatoka jasho au ukachoka bila sababu, usingoje kifua kiume, kimbilia hospitali. Ukifunguliwa mshipa usijione umepona. Kaa, meza dawa, haraka haina baraka. Na ukienda kumtazama mgonjwa wa sukari, mpelekee maji na porojo.

Mungu akupe moyo mtulivu, miguu isiyokufa ganzi, na mwenza wa kukuvalisha viatu kwa nguvu. Uzeeke mpaka wajukuu wakuchoke, na hata hapo uwachekeshe.